Vipele vya mgongo kwa watu wazima: vinatoka wapi, vinatunzwa namna gani, na mambo ya kuacha

"Mimi mutu mzima, niko na watoto wane, sasa bipele bya mugongo bya nini tena?" Ulizo la namna hii linasikika sana, lakini mara nyingi kwa sauti ya chini. Uso unaonekana na kila mtu. Mgongo unafunikwa na shati ao kikwembe, basi mtu anateseka peke yake. Kijana akitoka chunusi, watu wanasema ni ujana, itapita. Mtu wa miaka 30 ao 40 akitoka chunusi, maneno yanaanza: eti ni mchafu, eti ana damu mbaya, eti amepata ugonjwa. Kwa kuogopa maneno hayo, wengi wanakimbilia meza ya dawa sokoni na kununua krimu wasiyoijua. Na hapo ndipo shida ndogo ya ngozi inageuka shida kubwa ya mwili.

Makala hii inaeleza chunusi za mgongo kwa watu wazima wa kwetu, Kasongo na Kabambare: chanzo chake, matunzo yanayosaidia kweli, magonjwa mengine yanayofanana nazo, na vitu vya kuacha leo hii.

CHUNUSI NI NINI HASA

Ngozi iko na matundu madogo madogo ambamo nywele zinatokea. Ndani ya kila tundu kuna kifuko kidogo kinachotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Vifuko hivi ni vingi na vikubwa zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Ndiyo sababu chunusi zinapenda sehemu hizo tatu, si mkononi wala mguuni.

Kinachoamuru vifuko kutoa mafuta ni homoni za mwili, zile zinazoitwa androjeni. Wanaume wanazo, wanawake pia wanazo. Mafuta yakizidi, yanachanganyika na ngozi iliyokufa, tundu linaziba. Ndani ya tundu lililoziba kuna bakteria wadogo, Cutibacterium acnes, ambao wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu bila shida. Tundu likiziba, wanaongezeka, mwili unapigana nao, na pale kunavimba, kunauma, kunatoka usaha.

Kutokana na maelezo haya tunapata majibu matatu ya haraka. Moja, chunusi hazitoki kwa sababu ya uchafu. Hata mtu anayeoga mara tatu kwa siku anaweza kuzipata. Mbili, haziambukizi, unaweza kulala kitanda kimoja na mtu mwenye chunusi na usipate kitu. Tatu, si "damu chafu", kwa hiyo kujipiga bomba la tumbo ao kunywa dawa ya kuharisha hakuziondoi.

Mgongo uko na jambo lake la pekee. Ngozi yake ni nene kuliko ya uso. Vipele vinakaa chini, vinakuwa vikubwa, vinachukua muda kupona na vinaacha alama nyeusi ao makovu. Tena mtu haoni mgongo wake mwenyewe, wala mkono haufiki vizuri. Kwa hiyo wengi wanachelewa kujitunza.

KWA NINI ZINATOKA UKUBWANI

Kuwa mtu mzima hakumalizi chunusi. Kuna watu wanaanza ujanani na kuendelea mpaka miaka 40 na zaidi, na kuna wengine wanaanza ukubwani, hasa wanawake. Ikiwa baba ao mama alikuwa nazo sana, mtoto naye anaweza kuzirithi. Lakini mara nyingi kuna kitu kinachoziamsha ao kuziongeza. Tuangalie vile vinavyotuhusu zaidi.

Homoni. Wamama wengi wanaona vipele vinaongezeka siku chache mbele ya hedhi. Wengine vinabadilika wakati wa mimba. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 na kijiti cha mkononi vinaweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya wanawake. Usiache njia yako ghafla na kubaki bila kinga. Ongea na muuguzi, anaweza kukupa njia nyingine. Na ikiwa mwanamke anatoka chunusi nyingi, hedhi inapotea miezi na miezi, na ndevu zinaota kidevuni, hiyo ni alama ya kupimwa, kwani homoni zake hazikai sawa.

Mafuta mazito. Kwetu ngozi kavu inaonekana kama umaskini, basi mtu akioga anajipaka mpaka anang'aa. Mafuta mazito kama vazelini, pomadi za nywele na mafuta ya kokwa za ngazi yanaweza kuziba matundu kwa mtu mwenye ngozi ya chunusi. Mwaka 1970 waganga wa ngozi wa Marekani walieleza chunusi za paji la uso kwa watu weusi waliopaka pomadi nyingi kichwani. Njia ni ileile mgongoni: mafuta ya nywele na ya misuko yanateremka na jasho mpaka shingoni na mabegani.

Mzigo, joto na msuguano. Hapa tuko wengi. Mama anayebeba kitunga mgongoni kutoka shambani, mwenye mihogo ao mpunga. Kijana anayesukuma kinga na mizigo kwenye njia ya Kabambare. Mchimbaji wa dhahabu upande wa Namoya na Salamabila anayebeba mifuko ya mchanga. Mwendesha moto anayeshinda na koti zito juani. Mwanafunzi mwenye begi. Kamba ao mkoba unasugua ngozi palepale kila siku, jasho linakaa, matundu yanaziba. Ukiona vipele vimefuata njia ya kamba ya mzigo, jibu umelipata.

Dawa za kumeza. Isoniazidi, moja ya dawa za kifua kikuu, inaweza kuleta chunusi kwa watu wengine. Anayetunzwa kifua kikuu asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya vipele. Aseme tu kwa muuguzi. Lakini kuna dawa nyingine inayotoa vipele zaidi, na hiyo wengi wanaitumia kwa kupenda. Tuizungumzie peke yake.

KRIMU ZA KUNG'ARISHA NA VIDONGE VYA KUNENEPA

Tuseme mama wa miaka 34 anaanza kujipaka krimu ya kung'arisha ngozi. Wiki za kwanza anafurahi: ngozi imelainika, imeng'aa. Baada ya miezi michache vipele vingi vidogo, vyote vya saizi moja, vinajaa mgongoni, kifuani na mabegani. Anaona ni chunusi, anaongeza krimu. Vinapungua siku mbili, vinarudi kwa nguvu. Amefungwa kamba na krimu yenyewe.

Krimu nyingi za namna hii ziko na dawa ya kundi la kortizoni. Kwenye boksi soma maandishi madogo: ukiona clobétasol ao bétaméthasone, ni hiyo. Ni dawa ya kweli ya hospitali, kwa ugonjwa fulani, sehemu ndogo ya mwili, siku chache. Kupakwa mwili mzima miezi na miezi, inafanya ngozi kuwa nyembamba, inaleta mistari kama ya uzazi, vidonda vinakawia kupona, hata kushona baada ya operesheni kunakuwa kugumu. Ikiingia nyingi mwilini inapandisha sukari na presha.

Maneno mengine ya kutafuta kwenye boksi ni hydroquinone na mercure. Hidrokinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuchoma ngozi mpaka inakuwa ya bluu nyeusi, na hiyo haitoki kirahisi. Umoja wa Ulaya uliikataza katika vipodozi vya kung'arisha tangu 2001. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa 2013, unakataza vipodozi vya zebaki. Na krimu isiyo na maandishi yoyote, ile ya kuchanganywa kwenye kikopo? Hiyo hujui hata unachopaka.

Kisha kuna vidonge vya kunenepa. Watu wanaviita "dexa", yaani deksametazoni, na vinauzwa kimoja kimoja kama bonboni. Mtu anavimba mashavu, anafikiri amenona. Ni kortizoni tena, safari hii inapita tumboni. Chunusi za mgongo na kifua ni moja ya alama zake, pamoja na uso kuwa wa mviringo, sukari kupanda, mifupa kulegea na mwili kushindwa kupigana na magonjwa.

Tafadhali shika neno hili: ikiwa umekula dexa kwa wiki nyingi, usiache kwa siku moja. Mwili umezoea kupewa, umelala, hautengenezi homoni yake. Ukiacha ghafla unaweza kulegea, kutapika, presha kuanguka, hata kufa. Nenda kituo cha afya, sema ukweli, wakupunguzie pole pole. Hata krimu kali iliyopakwa mwili mzima miezi mingi inaombwa kuachwa kwa msaada wa muuguzi ao munganga. Hakuna haya hapo. Wao wanaona kila siku.

SI KILA KIPELE CHA MGONGO NI CHUNUSI

Mbele ya kununua dawa yoyote, jiulize: vinawasha ao vinauma? Chunusi kwa kawaida zinauma ukizigusa, haziwashi sana. Kama unajikuna usiku kucha, fikiri kitu kingine.

Upele wa kuambukiza unawasha zaidi usiku, unaingia katikati ya vidole, viganjani, kiunoni, na watu wa nyumba moja wanajikuna wote. Dawa yake inapakwa na nyumba nzima siku moja, na nguo na mashuka yanafuliwa.

Fangasi wa vinyweleo wanaleta vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinawasha, vinaongezeka na joto. Hawa wanapona kwa dawa ya fangasi, na wanaongezeka ukimeza antibiotiki. Ndugu zao ndio wanaoleta mabaka meupe ao ya kahawia mgongoni na shingoni.

Vipele vya joto ni vidogo sana, vinachoma kama sindano, vinatoka siku za jua kali na kuondoka ukikaa mahali pa baridi.

Minyoo ya filaria ya upofu wa mto, yaani onkosakosi, inaletwa na vinzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda mbio. Watu wa kando ya mito yenye maporomoko wanaijua. Inawasha sana matakoni, mgongoni na mapajani, ngozi inakuwa nene na kukunjamana, na vinundu vinaweza kutokea chini ya ngozi kiunoni ao kwenye mbavu. Mectizan, inayogawiwa bure katika vijiji tangu kiwanda Merck kilipotoa ahadi mwaka 1987, ndiyo dawa yake. Wakipita kugawa, meza.

Mpoksi. Tangu ugonjwa huu ulipotangazwa hatari ya dunia nzima tarehe 14 Agosti 2024, kila mwenye vipele anaangaliwa vibaya. Mpoksi inakuja na homa, kichwa, mwili kuuma, na tezi kuvimba shingoni ao kwenye mapaja. Vipele vyake vinaonekana usoni, viganjani, chini ya nyayo, sehemu za siri, na vinabadilika: vinajaa maji, kisha usaha, kisha vinakauka, ndani ya wiki 2 mpaka 4. Chunusi zimekaa nawe miezi na miaka, bila homa. Ukiwa na shaka, usijifiche: mwambie reko wa mtaa ao nenda kituo cha afya, na usigusane na watu mpaka uangaliwe.

Ukoma. Si kipele bali ni baka lisilosikia: ukiligusa na unyoya hausikii kitu. Dawa ni ya bure na inaponyesha. Usichelewe.

MATUNZO, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni ya bure. Ondoa kinachoziba. Acha mafuta mazito mgongoni. Ngozi ikikauka, paka kidogo losheni nyepesi. Oga mara moja ao mbili kwa siku, na zaidi ya yote oga punde baada ya kutoka shamba, mgodini ao barabarani. Ukiosha nywele, inamisha kichwa mbele ili pomadi isiteremke mgongoni, kisha maliza na mgongo. Tumia sabuni ya kuogea ya kawaida na mkono ao kitambaa laini. Wavu mgumu na jiwe vinachubua tu. Vaa nguo ya pamba isiyobana, badilisha iliyoloa jasho, fua shuka mara kwa mara. Weka kitambaa safi kilichokunjwa kati ya kamba ya mzigo na ngozi, na ukiweza badilisha bega.

Hatua ya pili ni dawa ya kupaka. Ile inayojulikana zaidi ni peroksidi ya benzoili. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye farmasi utaiona kwa Kifaransa: peroxyde de benzoyle. Angalia vizuri, kwa kuwa kuna dawa nyingine yenye jina la karibu, benzoate de benzyle, na hiyo ni ya upele wa kuambukiza. Watu wanachanganya mbili hizi, wanachomwa ngozi bure na chunusi zinabaki. Tafuta ya asilimia 5 ao chini. Kama ni ya kunawa, paka mgongoni, ngoja dakika 2 mpaka 5, toa na maji. Anza siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka ngozi izoee. Inachubua rangi ya nguo, basi vaa nguo ya zamani ao nyeupe. Mkono haufiki? Omba bwana, bibi ao ndugu akupakie. Hakuna haya.

Adapaleni, krimu ya usiku, nayo inasaidia kufungua matundu, lakini mwanamke mwenye mimba asiitumie. Pasipo hizo zote, sabuni ya salfa, ambayo wengi wanaiita sabuni ya soufre, inaweza kupunguza kidogo.

Hatua ya tatu ni vidonge, na hapo lazima muuguzi ao munganga. Chunusi kubwa za mgongo zinaweza kuomba doksisiklini kwa miezi 3 hivi, pamoja na dawa ya kupaka. Si ya mwenye mimba, si ya mtoto mdogo. Meza na glasi nzima ya maji, usilale palepale, kwa kuwa inaweza kuchoma umio, na jihadhari na jua. Isotretinoini ndiyo kali kuliko zote. Inaharibu mtoto tumboni vibaya sana, kwa hiyo haitumiki bila munganga anayefuatilia.

Halafu, uvumilivu. Dawa ya chunusi inaomba wiki 8 mpaka 12 kuonyesha kazi yake. Wengi wanaacha wiki ya pili, wanabadilisha krimu, wanaanza upya, fedha zinakwisha. Na alama nyeusi zinazobaki si chunusi tena. Zinafifia zenyewe kwa miezi, mradi usizichokoe na usiziweke juani.

MAMBO YA KUACHA

Usikamue. Mgongo wetu watu weusi unaota makovu yanayovimba kirahisi, na kovu la namna hiyo linakaa kuliko kipele.

Usifungue kapsuli ya tetra na kumwaga unga juu ya vipele, wala kumeza moja leo na moja keshokutwa. Hauponi, na bakteria wanajifunza kuishinda dawa. Kesho mtoto akiugua kweli, dawa haishiki.

Usipake ndimu kisha ukatoka juani. Inachoma na kuacha madoa meusi. Dawa ya meno, mafuta ya breki, sabuni kali ya kufulia: yote yanaongeza kidonda.

Na chakula? Karanga zinalaumiwa bure, hata mawese ya mchuzi. Kinachoonekana kwa baadhi ya watu ni sukari nyingi na maziwa. Usijinyime chakula cha nyumba kwa sababu ya mgongo. Na wale wanaowaambia vijana kwamba chunusi zinapona na ndoa ao na mapenzi, wanadanganya.

WAKATI WA KWENDA KITUO CHA AFYA

Nenda kama vipele ni vikubwa, vinauma, vinaacha makovu. Kama umefuata matunzo miezi 3 bila badiliko. Kama vimekuja ghafla baada ya dawa mpya ao krimu. Kama kuna homa. Kama jipu linavimba na kuwa la moto. Beba kila tyubu na kila boksi unalotumia, hata lile unaloona haya kulionyesha.

Mtu atasema: munganga wa ngozi tutamtoa wapi? Ni kweli, si karibu. Lakini anza pale ulipo, iwe Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare ao Saramabila. Miaka ya 1970, Kasongo ilikuwa shule kwa dunia: chuo cha magonjwa ya joto cha Antwerp, Ubelgiji, kilifanya kazi hapa na kuonyesha kwamba kituo cha afya kilicho karibu na watu, chenye muuguzi aliyefunzwa vizuri, kinaweza kutunza magonjwa mengi ya kila siku. Chunusi ni moja ya hayo.

Na kwa wewe unayeishi na mwenye vipele: usimcheke wala usimwambie aoge. Labda ndiye anayeoga kuliko wote nyumbani. Msaidie kupaka dawa pale mkono wake haufiki, na ukimwona na kikopo cha krimu kisicho na jina, mwambie mapema.